Mkono wa Kunyonyoa

4 Februari

Dada yangu, mwenye ulimi mkali na moyo mlaini,

Nimefika salama. Mgongo ndio haujafika. Nadhani umebaki kwenye kiti cha basi, ukiuona nirudishie.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Dada, kwenye simu huniachi nimalize hata sentensi moja. Kwenye karatasi nasema mpaka mwisho, na ukitaka kunikatiza, kata karatasi.

Nimekuta watu wamejaa mlangoni kwa duka langu kama wanagawiwa sukari. "Dokta, ulikuwa wapi? Vichwa vimekuwa misitu!" Nikawaambia hata daktari huenda likizo. Unajua huku hakuna anayeniita kinyozi. Koti langu jeupe, kiti changu cha kuzunguka, kioo cha ukuta mzima, nani atasema kinyozi? Nimeshashika kichwa cha hakimu. Nimeshashika kichwa cha nahodha wa meli, kina mabonde mawili na kilima, nikakisawazisha mpaka mkewe akamkataa mlangoni kwa kudhani ni mgeni. Mimi sikumaliza hata darasa la saba, lakini hao waliomaliza vyuo vikuu wote wananiinamishia kichwa, na nikisema "geuka," wanageuka.

Mwanangu Kasuku mpe salamu zake kabla hujala. Tangu mama yake atutoke umemlea vizuri: ana miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini. Zile kingo nilizomchonga kisogoni kabla sijaondoka nadhani bado zinang'aa. Hiyo ni kazi ya mashine yangu ya dhahabu, siyo kila kichwa kinaipata. Mwezi wa saba shule zikifungwa namchukua aje akae na mimi moja kwa moja, kama tulivyokubaliana. Usijifanye umesahau.

Na shoga yako msusi mwambie shemeji yake anamsalimu. Mkono ule si mkono, ni mbolea. Akishika kichwa leo, kesho nywele zinagonga mabega. Mwambie siku nikioa tena nitaoa mkono huo, na mwenye mkono aje kama nyongeza.

Kaka yako,
Dokta wa Vichwa

27 Februari

Kaka,

Barua nimeipata, mgongo wako sijauona. Nina sare za shule za kushona mpaka kwenye dari, kwa hiyo nitaandika kifupi. Mimi si kama wewe, ukianza salamu jua linazama.

Kasuku ana kitu kisogoni. Kiduara, ukubwa wa kizibo cha soda, katikati kina magamba meupe na pembeni kimeinuka kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi. Nywele za hapo zimekatika. Anajikuna mpaka darasani. Liite mapunye, liite choa, liite mashilingi, marehemu mama alilijua kwa majina yake yote. Nimempaka mafuta ya nazi, limekaa linang'aa tu.

Aliyeligundua ni msusi, alipokuwa anamfumua misuko Jumamosi. Aliweka kitana chini, akaniambia, "Hili peleka zahanati, shoga, usingoje." Nikamwambia zahanati ya nini na kaka yangu ni Dokta? Tukacheka, mimi zaidi yake.

Haya, wewe unayejua vichwa, sema.

Dada yako

5 Machi

Dada,

Punguza hofu. Umeuliza mtu anayehusika.

Krimu ninayokutumia kwa dereva wa lori la mbao imevuka bahari. Boksi lake lina maandishi ambayo hata mimi siyasomi, na wewe jua hivi: dawa usiyoweza kuisoma ndiyo dawa. Mpake asubuhi na jioni. Siku ya tatu wekundu unakimbia, siku ya saba unamuuliza mtoto alikuwa anaumwa wapi, hakumbuki. Hiyo nimempa hata mke wa hakimu.

Zahanati achana nayo. Watamjazia daftari maswali, nani kamgusa, nani kamnyoa, kalala na nani kitanda kimoja. Mtoto wetu ni mgonjwa, si mshtakiwa.

Ila nikuulize swali la kitaalamu. Nani anamsuka? Ana vitana vingapi kwa vichwa vingapi? Simtuhumu mtu, dada. Nasema tu mapunye hayashuki na mvua. Yanatoka kichwa yanaingia kichwa, na kati ya kichwa na kichwa pana kitana, na nyuma ya kitana pana mkono. Mkono wa kukuza ukichafuka huwa mkono wa kunyonyoa. Huo ni mzaha wangu, usimfikishie.

Mimi mashine zangu nazifuta kwa spiriti mbele ya macho ya mteja. Chupa ipo mezani, kila mtu anaiona.

Mbusu Kasuku penye ngozi nzima.

Dokta

2 Aprili

Kaka,

Krimu yako ilifanya kazi siku tisa. Wekundu ukakimbia kama ulivyosema. Ulikimbilia utosini. Sasa ni madoa manne, na moja limevimba, ukiligusa linabonyea kama tunda bovu, linatoa usaha. Nywele zinatoka kwa mafungu. Mwalimu amemrudisha nyumbani na barua. Mtoto aliyekuwa akisema hata usingizini, leo ni siku ya tatu ananijibu kwa kutikisa kichwa, na hicho kichwa amekifunga kitambaa.

Na siyo yeye peke yake. Binti wa mama muuza mkaa anayo. Mapacha wa nyumba ya bluu wanayo. Wote wanasukwa na nani? Unajua.

Mzaha wako niliufikisha. Nilikwenda barazani kwa msusi Jumamosi, wanawake saba wamekaa, mmoja kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Nikachukua kapu lake nikalimwaga chini, vitana, uzi, mkasi, vyote. Nikasema, "Kaka yangu ni mtu wa vichwa, na amesema mkono wako umekuwa wa kunyonyoa." Aliinama akaviokota kimoja kimoja, akavipuliza vumbi. Kisha akauliza, "Amesema hivyo? Yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya."

Yule mwenye kichwa nusu aliondoka hivyohivyo, nusu. Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea kichwa. Watoto wakipita kwake wanaimba "mkono wa kunyonyoa" na kupiga makofi.

Jana nikampeleka Kasuku zahanati, upende usipende. Tabibu ni mama wa makamo, hana haraka. Alikifungua kile kitambaa taratibu kama anafungua barua ya mtu mwingine. Aling'oa nywele mbili akaziangalia kwenye hadubini. Akasema mapunye ya kichwani hukaa ndani, kwenye shina la unywele, na krimu ya kupaka haifiki huko hata ikitoka mbinguni. Dawa yake ni ya kumeza. Akalitazama boksi la krimu yako, na yeye akalisoma. Akasema hii ni ya kutuliza muwasho: inazima moshi, moto inauacha unakula. Ameandika kidonge kimoja kila siku kwa wiki nane, baada ya chakula chenye mafuta au maziwa, na hata akionekana amepona asikatishe. Shampuu ya dawa mara mbili kwa wiki, sisi sote wa nyumbani. Kitana, kofia, mto, kila mtu na chake. Uvimbe tusiutumbue.

Akauliza kama ameguswa na mashine ya kunyolea siku za karibuni. Nikamjibu kwa majivuno, kaka, majivuno ya dada: "Mashine iliyomgusa ni ya baba yake tu, na baba yake ni bingwa." Aliandika.

Dada yako

10 Aprili

Dada,

Leo kalamu ni nzito kuliko mkasi. Maskini mwanangu. Jana nilikuwa namnyoa hakimu nikasimama katikati, mashine inaunguruma hewani, mpaka akaniuliza, "Dokta, umesahau njia?"

Vidonge hivyo usivikatishe hata akikulilia. Wiki mbili za kwanza kichwa kitamgonga upande mmoja na tumbo litamvuruga, hasa saa nne asubuhi. Usiogope, wiki ya tatu mwili unazoea. Mate yatakuwa machungu kama amelamba shaba, mpe chungwa. Asikae juani sana, ngozi itamchoma. Kidonge kina mstari katikati, akishindwa kukimeza kivunje hapo.

Mambo ya msusi ulizidisha, dada. Mimi nilitania. Lakini kilichomwagika kimemwagika, ukienda sasa kuomba msamaha utawachanganya watu. Acha upepo upite. Mtaa husahau. Mimi nimeona mji mzima ukimsahau meya wake, na alikuwa na sanamu.

Mwambie Kasuku kitanda chake nimeshakinunua.

Kaka yako

24 Aprili

Shemeji,

Salamu zako za mwezi wa pili zilinifikia, za kuuoa mkono. Nilizicheka kutwa nzima nikiwa peke yangu. Nakuandikia kwa mkono huohuo.

Siku ulipomchonga Kasuku kisogo, mimi ndiye niliyemshika kichwa asitikisike. Joto lile, wewe umevaa mikono mirefu mpaka kwenye viganja. Ulipoinua mashine, shati likarudi nyuma. Nikaona maduara matatu, yameshikana kama pete za mnyororo. Nikakuuliza kwa sauti ya chini, ukasema umeungua na pasi. Shemeji, pasi haina duara. Mimi nimeshika vichwa miaka kumi na minane. Likiwa kichwani tunaliita mapunye, likiwa mkononi tunaliita choa, baba yao mmoja. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu dada yako alikuwa amesimama pale anakutazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga mwenyewe. Na mimi nami nilikuwa nakutazama. Basi.

Kwa hiyo sijitoi. Kabla doa halijaonekana, kitana changu kilipita kwa Kasuku kikapita kwa wale wengine. Siku nilipoliona nilivichemsha vyote, lakini kitu kikishapita unachemsha nini? Nilikwenda mwenyewe kwa tabibu nikamweleza. Nikazunguka kwa mama za watoto kuwaambia vidonge, siyo krimu. Mmoja alinifungulia mlango. Mwingine alinifungulia mbwa.

Sasa naosha masufuria kwenye jiko la bweni la wanafunzi. Sabuni imenila ncha za vidole, uzi siusikii tena nikiushika. Kaka yangu ananiita nikakae kwake, kule ambako hakuna anayejua kama niliwahi kuwa na mkono wa aina yoyote. Nimemwambia angoje. Nakungojea wewe.

Sitaki posa, sitaki pole. Nataka sentensi moja kwa dada yako: kwamba ilianza kwenye mashine yako. Nikiisema mimi, ni mshtakiwa anamsingizia daktari. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba wakati mwingine humuumbua jirani.

Msusi

1 Mei

Mwenye mkono,

Umeniacha uchi na mimi nilidhani nimevaa koti.

Ule ujio wangu wa Januari haukuwa likizo. Bwana afya alinifungia duka wiki tatu. Wateja sita walirudi na maduara, mmoja wao ni yule hakimu, na hakimu akiwashwa hukumu huwa fupi. Ilikuwa hivi: spiriti iliwachoma wakubwa shingoni, wakalalamika. Nikaichanganya na maji kidogo. Kidogo kikawa nusu. Mwisho chupa ikawa maji na matone mawili ya marashi, na jina la spiriti limebaki nje, kama mimi na udokta wangu. Walinipa vidonge. Waliniambia mashine zichemshwe meno yake au zitupwe. Nilizitupa mbili. Ile ya dhahabu nilishindwa. Nilitaka mnione nayo.

Sasa nakuomba, na mimi kuomba siyo kazi yangu. Dada akijua, Kasuku hatakuja. Nimemngoja mtoto wangu miaka mitano. Kitanda kipo, bado kina nailoni, kila asubuhi nakifuta vumbi kama mjinga. Vuta subira wiki chache tu. Vidonge vikiisha, nywele zikaota, utaona barazani kwako watu wanasukumana na hakuna atakayekumbuka.

Au njoo huku. Duka ni pana, upande mmoja nanyoa, upande wa pili unasuka. Safari hii sitanii. Najua kila mara nasema sitanii.

Wako, nusu daktari

9 Juni

Kaka,

Vidonge vimeisha. Tabibu ameng'oa nywele tena, ameangalia, hakuna kitu. Amepona. Kisogoni na pembeni nywele zimerudi. Utosini, pale palipovimba, hazikurudi na hazitarudi. Pamekuwa laini kama satini, upana wa kiganja chake mwenyewe. Tabibu anasema kovu limeziba mashina. Tungekwenda mapema, kabla ya zile wiki za krimu, lisingefika huko. Kasuku akauliza, "Hata nikiwa mkubwa?" Tabibu akamwambia hata ukiwa mkubwa. Akasema, "Basi." Akashuka kwenye kiti akafunga kitambaa chake mwenyewe, hataki nimfunge.

Mapacha na binti wa muuza mkaa wanaendelea na vidonge vyao. Wao hawakupakwa krimu, hawatabaki na alama.

Sasa nina swali. Nilitafuta karatasi ya kupimia kola, nikashika barua yako ya Aprili, nikaisoma tena mkasi mkononi. Kichwa kugonga upande mmoja. Saa nne asubuhi. Mate ya shaba. Mstari katikati ya kidonge. Kaka, tabibu hakuniambia hata moja la hayo. Kasuku ndiye aliyekuja kunilalamikia baada ya wiki, neno kwa neno kama ulivyoandika. Umevijuaje vidonge hivi? Mtu hajui ladha ya mate ya mwenzake.

Nikakumbuka mikono mirefu kwenye joto lile.

Msusi nasikia amefunga mizigo, Julai anahamia kwa kaka yake. Nijibu kwa maandishi. Kwenye simu utanichekesha, na mimi nitacheka.

Dada yako

16 Juni

Kwa dada yangu, na kwa kupitia kwake kwa Bunge Tukufu la Barazani,

Naomba barua hii isomwe kwa sauti, na anayetafuna ateme kwanza.

Mimi, Dokta wa Vichwa, mwenye shahada ya mkasi na stashahada ya wembe, nakiri mbele yenu kwamba mhalifu amepatikana. Ni mashine. Ina rangi ya dhahabu, inaunguruma kama mama mkwe aliyepewa kiti kibovu, na haina wakili. Mashine hiyo ilipata choa kwa waheshimiwa ambao majina yao nayahifadhi, maana wakinifunga nani atawanyoa? Kutoka kwao ikapanda mkononi kwangu, ikakata tiketi ya basi, ikaja kumsalimia mwanangu kisogoni. Mimi nilikuwa dereva tu.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi nimejinyoa, tena bila maji, tena kavukavu, na damu mnaiona. Msusi hana hatia. Naapa kwa mkono wake, na Bunge likipitisha nitauoa. Mkono wa kunyonyoa ni huu wangu, wa kulia. Wa kushoto unajitetea kwamba haukuwepo.

Anayetaka kunipiga apange foleni, wenye nywele fupi mbele.

Dada, nimesema. Ni kweli yote. Nisamehe. Kasuku nitamwambia mwenyewe akija.

Dokta, aliyestaafishwa

24 Juni

Kaka,

Niliisoma kama ulivyotaka, kwa sauti, barazani kwangu. Nilimwalika msusi mwenyewe aje asikie jina lake likioshwa. Alikuja na aproni ya jikoni, akasimama kwenye nguzo, hakukaa.

Nilipofika kwenye mama mkwe na kiti kibovu, mama wa mapacha alikuwa ameshaanguka kwenye mkeka kwa kicheko. Nilipofika "haina wakili" sikusikia sauti yangu mwenyewe. Muuza mkaa akafuta machozi, akasema, "Kaka yako huyu! Kampenda kweli, mpaka anajitwisha mapunye ya mwenzake!" Wakamgeukia msusi wakampigia vigelegele. Kaka, walimpigia vigelegele. Mchumba wa Dokta! Nikapaza sauti kwamba ni kweli, ilikuwa mashine, nina ushahidi. Wakaniambia, "Na wewe wifi umeshaanza kumtetea."

Msusi alingoja kicheko kiishe. Hakikuisha. Akanishika bega, akaniambia, "Angeandika vibaya kidogo, wangeamini." Akarudi kwenye masufuria yake.

Nilimfuata njiani nikamwomba msamaha wa kapu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hajanijibu mpaka leo, na simlaumu.

Nina hasira na wewe ambazo bado sijazikata kipimo; hizo zitangoja. Andika tena. Usichekeshe.

Dada yako

29 Juni

Kwa akina mama wa barazani.

Mwezi wa kwanza nilikuwa na choa mikononi. Nilikipata dukani kwangu kwa sababu sikusafisha mashine. Bwana afya alinifungia. Nilijua ni ugonjwa wa kuambukiza. Nilimchonga mtoto wangu kisogo kwa mashine hiyo na sikuichemsha.

Alipougua nilituma krimu ili asipelekwe zahanati, kwa sababu wangeuliza nani alimnyoa. Nikatupa maneno juu ya msusi. Yeye ndiye aliyesema mtoto apelekwe zahanati. Mimi ndiye niliyekataza.

Watoto wenu wamalize vidonge vyao. Wangu alivimaliza, lakini utosini hatakuwa na nywele.

Nimefanya mimi.

Kinyozi

5 Julai

Kaka,

Safari hii hakuna aliyecheka. Waliichukua karatasi wakaipitisha mkono kwa mkono. Kisha muuza mkaa akasema, "Hii hakuandika Dokta. Dokta hawezi kupita mistari mitano bila kumtaja hakimu." Wakanitazama mimi. Mama wa mapacha akasema mwandiko ni wangu. Ni kweli unafanana. Mama alitufundisha kuandika meza moja na kalamu moja. Wameamua kwamba naona aibu ya kapu nililolimwaga, ndiyo maana nimekutungia barua ya kukiri. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mtu hampendi rafiki yake mpaka akamchafua kaka yake wa damu, shoga." Nikakaa chini. Sikuwa na karatasi nyingine.

Kasuku haji kwako mwezi huu. Sikumkataza mimi. Barua za kukiri nilimsomea zote mbili, maana kichwa ni chake. Alisikiliza, akauliza ile ya kwanza kabisa, ya mgongo kubaki kwenye basi, uliiandika tarehe ngapi. Nikamwambia. Akauliza na ile ya krimu tarehe ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Kwa hiyo muda wote aliokuwa anachekesha, alikuwa anajua." Nilitafuta la kukutetea, kaka, mimi ambaye sijawahi kukosa. Nilikosa.

Msusi anaondoka Jumamosi ijayo kwa gari la saa kumi na mbili jioni. Barazani watu hujaa saa kumi. Basi la kutoka kwako linafika saa nne asubuhi. Utakuwa na saa sita. Utakaa chumbani kwangu pembeni ya cherehani, bila koti jeupe, utalikariri jambo la kuwaambia barazani ukiwa umesimama, kwa mdomo wako, mpaka litoke likiwa limenyooka.

Nitakusikiliza mimi kwanza. Nikicheka, unaanza upya.

Dada yako